Huyo mtoto mnayesema hasumbui

Kuna sifa moja naisikia sana mlangoni asubuhi wazazi wakileta watoto, na mara nyingi inatolewa na mtu mwenye haraka ya kukimbilia matatu: "Mwalimu, huyu hana shida, ukimweka hapo atakaa hapo hadi jioni." Kwa wengi ni kweli tu mtoto ni mpole, amezaliwa hivyo, pengine hata nyanyake alikuwa hivyo. Lakini kuna wengine nikisikia hayo maneno roho inashtuka, juu mtoto wa miaka 4 mwenye afya yake hakai mahali hadi jioni. Anauliza, anapanda, anamwaga, analia akinyang'anywa kalamu, anataka kujua kwa nini kuku wa jirani anachechemea. Mtoto wa umri huo akimaliza siku nzima bila kuomba maji, bila kuomba kwenda choo, bila kulia hata akianguka, mimi siwezi kuita hiyo nidhamu hadi nijue imetoka wapi.

Nafundisha wadogo, PP1, ile ya kwanza ya chekechea, huku Nairobi upande wa Embakasi, kwa zile gorofa zimebanana hadi mchana darasani tunawasha stima. Nimekaa na watoto wa huo umri miaka mingi na nimeona niandike, juu maneno ya kudhulumiwa kwa watoto yakitajwa watu wanafikiria ile ya habari za saa moja, mtoto amechomwa, mtoto amefungiwa ndani wiki mzima, na ikishafika kwa TV imechelewa sana. Inaanza kuonekana mapema kabla ya hapo, kwa hisia na tabia za mtoto, hata kama hana alama yoyote kwa mwili, shida ni vile sisi watu wazima tunaisoma. Mwenye anapiga wenzake tunamwita mkorofi, mwenye ameganda tunamwita mtoto mzuri, na unaweza kupata wote wawili wanatoka kwa shida ile ile.

Na nikisema dhuluma sisemi kupigwa peke yake. Kuna kutukanwa kila siku, kuambiwa wewe ni mjinga kama babako, kuna kutishwa ati utaachwa barabarani, kuna kuguswa vibaya, kuna kukosa kuangaliwa kabisa, na kuna ile watu wengi hawahesabu, mtoto kukaa kitandani usiku akisikia mama anapigwa upande ule mwingine wa pazia. Kwa nyumba ya chumba kimoja hakuna kitu inaitwa mtoto hakuona. Na sio mambo ya watu wachache waliopotoka. Utafiti wa kitaifa wa 2019 uliuliza vijana wa miaka 18 hadi 24 hapa Kenya walipitia nini wakiwa wadogo, na wasichana asilimia 45.9 na wavulana asilimia 56.1 walisema walidhulumiwa kwa njia moja ama nyingine kabla wafike miaka 18. Hiyo ni karibu nusu ya kila darasa umewahi kukaa ndani.

Sasa kwa nini mtoto mdogo anabadilika tabia badala ya kusema tu? Juu hana hayo maneno bado, na juu utulivu wenyewe hajazaliwa nao, anaupata kwa mtu mzima. Mtoto akishtuka anakimbilia mtu wake, anabebwa, anapigwapigwa mgongo, anasikia moyo wa huyo mtu uko sawa, na yeye anarudi chini. Ikifanyika hivyo mara nyingi sana ndio polepole anajifunza kujituliza mwenyewe. Mwanasaikolojia aliyekuja kusoma hii kitu hadi akajulikana dunia nzima, Mary Ainsworth, aliianzia hapa kwetu Afrika Mashariki, mwaka wa 1954 na 1955 alikuwa anatembelea familia 26 za Waganda vijiji vya karibu na Kampala, akiangalia vile mtoto mchanga anatambaa kwenda kuona vitu, anageuka kumtafuta mama kwa macho, akimwona anaendelea na safari yake. Mama akiwepo mtoto anathubutu kwenda mbali, hiyo ndiyo aliona. Sasa fikiria mtoto ambaye yule mtu anafaa kumkimbilia ndiye huyo huyo anamwogopesha. Akimbilie wapi? Mwili unamwambia nenda kwa mama na mwili huo huo unamwambia toroka mama, na kuna watoto unawaona hiyo vita ikiendelea mbele yako, mzazi amekuja kumchukua, mtoto anaanza kukimbia kwenda kwake alafu anasimama katikati ya darasa, anaangalia ukuta, hajui aende ama arudi.

Ndani ya mwili kuna kitu inaendelea pia. Hofu ikija ubongo unatoa ishara, homoni ya stresi inayoitwa kotisoli inapanda, moyo unaenda mbio, na hatari ikiisha kila kitu kinafaa kushuka. Kwa mtoto anayeishi kwa hofu haishuki vizuri, ama inazoea hadi inakuwa haipandi inavyofaa, na ile sehemu ndogo ya ubongo inayonusa hatari, amigdala, inakaa macho wakati wote. Ni kama alamu ya gari iliyowekwa kali sana, paka akipita chini inalia. Wakati huo ile sehemu ya mbele ya ubongo ya kufikiria, kungoja zamu, kusikiza maagizo, ndio bado inajengwa na haipati nafasi. Ndio unapata mtoto hawezi kukaa na kazi dakika tano, kila mlango ukigongwa yuko juu, na mwalimu anaandika kwa ripoti ati hana umakini. Huyo mtoto ako na umakini mwingi sana, lakini hana wa kuweka kwa herufi, wote uko kwa mlango.

Nilikuwa na msichana mmoja, na nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane, alikuwa ndiye huyo wa kusifiwa. Kiatu safi, mkono hajawahi kuinua. Siku moja kikombe chake kikaanguka saa ya uji, uji ukaenda hadi kwa viatu vya mwenzake. Wengine wakacheka, wengine wakakimbilia kitambaa. Yeye aliweka mikono juu ya kichwa, viwiko mbele ya uso, macho amefunga, na hakutoa sauti yoyote. Hakuna mtu alikuwa amesema neno. Nilichuchumaa mbali kidogo na yeye, mikono yangu nimeiweka mahali anaweza kuiona, nikasema kwa sauti ya kawaida uji umemwagika, tunapanguza, tunaweka mwingine. Alingoja tu. Tulipanguza, tukaweka mwingine, wenzake wakarudi kwa hadithi zao, ndio akafungua jicho moja kuangalia kama imeisha.

Kunyamaza namna hiyo mtoto amejifunza, hazaliwi nayo. Karibu sisi wote tumesikia ile ya "nyamaza kabla nikupatie kitu ya kulilia", na mtoto mdogo akisikia hivyo mara za kutosha, na akipatiwa kweli, anaelewa haraka kwamba kilio kinaongeza maumivu. Kwa hivyo anazima. Anazima kilio, anazima kiu, anazima hata hasira, na watu wazima wanafurahi juu kelele imeisha. Huyo msichana pia alikuwa anajua sura yangu kuliko mimi. Asubuhi nikiingia na kichwa inauma, wenzake wananirukia kama kawaida, yeye ananiangalia mara moja tu alafu anaenda kukaa mbali, ama ananiletea kiti. Watu wanasema ni huruma, ati mtoto ana akili ya mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hafai kuwa mtaalamu wa sura ya mwalimu wake. Huko Marekani, Seth Pollak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake waliwaonyesha watoto picha za sura za watu zikianza bila kuonekana vizuri alafu zinakuja wazi polepole, na watoto waliokuwa wamepigwa nyumbani walitambua sura ya hasira mapema kuliko wengine, picha ikiwa bado na ukungu. Walikuwa wameisomea hiyo sura nyumbani.

Alafu kuna ule upande mwingine ambao kila mwalimu anaujua, mwenye anapiga. Huyu hata mzazi wa mtoto mwingine anakuja shuleni kulalamika kumhusu. Kitu hunishtua kwa hawa watoto ni vile wanafanya mwenzao akilia. Mtoto wa kawaida wa miaka 2 ama 3 akiona mwenzake analia anaenda kuangalia, anampatia mdoli wake, anaita mwalimu, ama analia naye. Kuna kijana nimemwona akiona mwenzake analia uso wake unabadilika, anasogea, anampapasa kidogo, "nyamaza", alafu anampapasa kwa nguvu, alafu ni makofi sasa, "nyamaza! nyamaza!", na mwishoni yeye mwenyewe anatetemeka. Nilipokuja kusoma baadaye nikapata Mary Main na Carol George waliandika kuhusu hiyo kitu kabisa mwaka wa 1985, waliangalia watoto wa mwaka 1 hadi 3 kwa vituo vya kulelea, wote kutoka familia zenye shida, nusu wamepigwa nyumbani na nusu hawajapigwa. Kwa wale waliopigwa hakuna hata mmoja alionyesha kumjali mwenzake aliyekuwa analia. Waliogopa, walikasirika, wengine wakampiga. Ukifikiria vizuri utaelewa, kwao kilio ndicho huanzisha balaa, kwa hivyo kinafaa kizimwe haraka, na njia ya kuzima wameonyeshwa ni moja tu.

Na huyo kijana ukimwuliza kwa nini amempiga mwenzake aliyemgonga kwa laini ya choo, atakuambia "alitaka kunipiga", na anaamini. Kenneth Dodge na wenzake walifuata watoto 309 kutoka wakiwa kama miaka 4, wakachapisha matokeo mwaka wa 1990, na wakapata wale walioumizwa nyumbani ndio walikuwa wakali zaidi walipoanza shule, na sehemu ya sababu ni hiyo, kitu kikitokea kwa bahati mbaya wao wanakisoma kama kimekusudiwa. Sasa mwalimu ama mzazi akimtandika huyu kwa sababu amepiga mwenzake, amemhakikishia tu kile alikuwa anaamini, ati watu wako tayari kukuumiza na mwenye nguvu ndiye hupiga.

Ya kutoangaliwa nayo ni ngumu kuliko zote kueleza watu, juu mzazi atakuambia mimi sijawahi kumgusa. Na ni kweli hajamgusa, hata kumbeba hajambeba. Najua maisha ya hapa Nairobi, mama anatoka saa kumi na moja asubuhi anatembea kwa miguu hadi Industrial Area kungoja kama ataitwa kazi, mtoto anaachwa kwa nyumba ya kulelea watoto ambapo mama mmoja ana watoto wengi kuliko mikono yake, wanalazwa kwa mkeka, TV inawekwa. Sitamlaumu mama wa hivyo, anatafuta unga. Lakini kwa ubongo wa mtoto kukosa mtu wa kumjibu ni njaa halisi. Ushahidi mkali zaidi ulitoka Romania, makao ya watoto ya Bukareshti, ambapo kuanzia mwaka wa 2000 watafiti walifuata watoto 136 waliokuwa wanaishi huko, wamelishwa, wamefunikwa, lakini hawana mtu wao. Nusu walipelekwa kwa familia za kuwalea. Waliotolewa kabla ya kufika miaka 2 ndio walirudi vizuri zaidi, wakashikana na walezi wao, hata umeme wa ubongo ukipimwa unaonyesha tofauti. Kwa hivyo mtoto anayekimbilia kila mgeni na kumkumbatia na kutaka kwenda naye nyumbani, hapo usifurahie tu ati anapenda watu. Mwenye hajali nani amembeba mara nyingine ni mtoto ambaye hajawahi kuwa na mtu wake.

Kuna vitu vingine mimi huangalia. Mtoto aliyekuwa ameacha kujikojolea kuanza tena, tumbo kuuma kila Jumapili jioni ama kila Ijumaa ikifika, kula haraka huku amezungusha mkono kwa sahani, kuficha kipande cha chapati kwa soksi, kuogopa kulala ile saa ya kupumzika, kucheza mchezo mmoja tu kila siku ambapo mdoli anapigwa na kutukanwa kwa maneno ambayo mtoto hawezi kujitungia. Lakini nisikilizwe vizuri hapa, ishara moja peke yake haithibitishi kitu. Mtoto anaweza kujikojolea juu amepata ndugu mdogo, anaweza kunyamaza juu hasikii vizuri masikio, anaweza kula haraka juu nyumbani kuna njaa na wazazi wanampenda kabisa. Mimi nikiona naandika, naangalia kama inarudi, na naongea na mzazi kwa upole kabla ya kumfikiria mabaya, juu ukimrukia mzazi kwa lawama atahamisha mtoto shule na utakuwa umemnyima huyo mtoto macho ya pekee yaliyokuwa yanamwona.

Najua kuna mwenye atasema samaki mkunje angali mbichi, sisi tulichapwa na tuko sawa. Mtoto anahitaji mipaka, hapo tunakubaliana, na kwa darasa langu kuna sheria na zinafuatwa. Lakini mtoto wa miaka 3 akipigwa hajifunzi sheria, juu kwa ile dakika ya hofu sehemu ya kujifunza imefungwa. Anajifunza mtu wa kuogopa na mahali pa kujificha. Kiboko kilipigwa marufuku kwa shule za Kenya tangu mwaka wa 2001, Katiba ya 2010 kifungu cha 29 kinakataza adhabu ya viboko, cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na kutelekezwa, na kuna Sheria ya Watoto ya 2022 juu yake. Na bado utapita nje ya madarasa mengi usikie. Kwa nyumba ndio usiseme, ndara, mwiko, waya ya simu.

Yule msichana wa uji, kitu ilimsaidia haikuwa ya ajabu. Ratiba ile ile kila siku, ili mwili wake ujue kinachofuata. Kabla nimguse mkono namwambia nakuja kukushika mkono. Kikombe achague mwenyewe, chekundu ama cha kijani. Hisia tunazitaja kwa majina, huyu amekasirika, huyu anaogopa, mwalimu leo amechoka na sio kwa ajili yako, na hiyo ya mwisho nilikuwa namwambia yeye hasa. Tena nyumbani kukapatikana shangazi aliyekubali kukaa naye wakati mambo yanatengenezwa, na nadhani huyo shangazi ndiye alifanya kazi kubwa kuliko mimi, juu mtoto aliyepitia hayo akipata hata mtu mzima mmoja asiyebadilikabadilika anaweza kurudi sana. Watoto wa huo umri wanarudi, nimeona kwa macho yangu.

Lakini vile wanarudi inawachanganya watu. Alianza kusumbua. Siku moja alisema "sitaki!" kwa sauti ya darasa nzima, mwalimu msaidizi akataka kumkanya nikamwomba amwache kwanza. Akaanza kulia akinyang'anywa, akaanza kunishtakia wenzake, akamwaga rangi na kukataa kuokota. Shangazi akaja na wasiwasi, "Mwalimu, huyu mtoto ameharibika, alikuwa ametulia sana." Nikamwambia shangazi, hapana, sasa hivi ndio anaamini akilia kuna mtu atakuja. Tutamfundisha kuokota rangi, hiyo ina wakati wake.

Na mzazi unayesoma hii huku unajua jana usiku ulipandisha sauti kupita kiasi, juu kodi imefika na bosi amekutusi na mtoto akachagua saa hiyo kumwaga maziwa, rudi kwake. Chuchumaa mwambie nilikasirika, nikakupigia kelele, haikuwa makosa yako, pole. Kuna watu wanaamini mzazi akiomba mtoto msamaha anapoteza heshima. Mtoto anachopata hapo ni kujua kwamba hasira inaanza na inaisha, na mapenzi yako hayakuisha nayo. Na ukiona unashindwa kujizuia mara kwa mara, tafuta mtu wa kuongea naye mapema, rafiki, mshauri wa kanisa ama msikiti, kliniki ya karibu.

Sasa majirani. Ploti zetu kuta ni nyembamba, kila mtu anajua ni mlango gani mtoto anapigwa na saa ngapi, na kila mtu anasema ni mambo ya watu. Namba ya simu ya kuripoti mtoto anayedhulumiwa ni 116, ni ya bure, iko usiku na mchana, na pia kuna afisa wa watoto wa kaunti ndogo, kuna chifu, kuna dawati la jinsia kwa vituo vya polisi. Huhitaji kuwa na ushahidi wa kortini ndio upige, kuchunguza ni kazi yao. Mtoto akikuambia kitu, usimhoji maswali mengi na usimwekee maneno mdomoni, "ni baba alikufanyia hivi?", juu mdogo anaweza kukubali chochote ili kukufurahisha na kesi ikaharibikia hapo. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, usimwahidi ati hutaambia mtu, alafu andika maneno yake vile aliyasema, na tarehe. Kama ameguswa vibaya enda hospitali moja kwa moja, usimuoshe, na kama nguo zimeshabadilishwa zibebe kwa mfuko wa karatasi, sio wa plastiki, na hakikisha mmefika kabla ya saa 72 kuisha, juu dawa za kukinga HIV zikianzwa baada ya hapo hazisaidii.